Mazoezi ya viungo humpa mtoto ustahimilivu, adhabu humfanya sugu

KATIKA shule nyingi humu nchini, ratiba iliyobandikwa ukutani huonyesha kipindi cha mazoezi ya viungo, ambacho wanafunzi hukiita PE. Hata hivyo, kengele inapolia, aghalabu anayeingia darasani ni mwalimu wa Hisabati au wa Kiingereza, kitabu mkononi, amekuja kufidia mada zilizobaki nyuma. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka mingi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, kwa kuwa somo lisilotahiniwa katika KCPE lilichukuliwa kuwa si somo. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mazoea hayo, kwa bahati mbaya, hayakwenda nao.

Kuna kinaya hapa. Mwanafunzi yuyo huyo aliyenyimwa kipindi cha michezo, siku atakapochelewa au kusahau daftari nyumbani, huamriwa auzunguke uwanja mara kumi au aruke kichura hadi magoti yalegee. Kwa watoto wengi, basi, nafasi pekee ambapo mtu mzima huwataka waitumie miili yao kwa bidii wakiwa shuleni ni pale wanapoadhibiwa. Wapo wazazi wanaoliunga mkono jambo hili. Watakwambia kwamba watoto wa siku hizi ni laini kama mkate wa boflo, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba dunia haimwonei mtu huruma, hivyo na mtoto naye akomazwe mapema.

Wazazi hao wana ukweli nusu. Mazoezi ya viungo kweli humjenga mtoto akaweza kuhimili misukosuko ya maisha. Lakini hayamjengi kwa sababu yanauma. Humjenga pale ugumu unapopimwa kulingana na uwezo wake, ukafuatwa na mapumziko, na pembeni mwa uwanja pakawa na mtu mzima anayeaminika. Yakikosekana hayo, kinachobaki ni maumivu tu, na mtoto hujifunza somo jingine kabisa.

Lugha yetu ilikwisha kututenganishia mambo haya mawili. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mshika jembe. Hulinda kiganja, naam, lakini pale ilipoota mtu hahisi tena. Ndiyo maana magazeti huandika "mhalifu sugu" na madaktari husema "ugonjwa sugu": kitu kilichozoeleka hata hakisikii dawa wala nasaha. Kuhimili ni jambo jingine. Mhimili ni nguzo ibebayo paa, na kustahimili ni kuubeba uzito huku ukiuhisi. Mtoto mstahimilivu hulia, huogopa, hushindwa na hukasirika kama wenzake. Tofauti yake ni kwamba hurejea. Kesho yake yupo tena, na akili yake ingali wazi kujifunza.

Je, mtoto hupata wapi uwezo wa kurejea? Utafiti mashuhuri kuhusu suala hili ulifanywa mbali na kwetu, katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka wa 1955, tangu uchanga hadi utu uzima. Baadhi yao walikulia katika ufukara, katika nyumba za ugomvi usiokoma, au mikononi mwa wazazi walevi au wenye maradhi ya akili. Wengi wa watoto hao walipata matatizo, kama ilivyotarajiwa. Lakini takribani thuluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na wenye kuwajali wengine.

Werner alipochunguza kilichowasaidia, hakukuta muujiza. Alikuta kwamba watoto hao walikuwa na uhusiano wa karibu na angalau mtu mmoja thabiti, na si lazima awe mzazi. Huweza kuwa nyanya, mwalimu au jirani. Aidha, wengi wao walikuwa na jambo fulani walilolimudu na kujivunia, na jukumu ambalo wengine waliwategemea kulitimiza. Mwaka wa 2001, mtafiti mwenzake wa Marekani, Ann Masten, alihitimisha kwamba ustahimilivu si kipaji cha watu wachache wa ajabu. Hutokana na mambo ya kawaida yanayofanya kazi yake ipasavyo katika maisha ya mtoto.

Sasa uangalie uwanja wa shule kwa jicho hilo. Pana mtu mzima anayekuja saa ile ile siku zile zile. Pana jambo ambalo hata mtoto anayeshika mkia darasani anaweza kulimudu. Pana wenzake kumi wanaomtegemea alinde lango. Mambo aliyoyakuta Werner yanaweza kupatikana yote mahali pamoja, bila ada wala kompyuta.

Yanayotokea mwilini

Tumchukue msichana wa Gredi ya Sita ambaye hajazoea kukimbia, akaambiwa azunguke uwanja mara mbili. Kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza, moyo unamdunda, pumzi zinamkatika, jasho linamtiririka na mate yamemkauka kinywani. Mwili wake umemwaga adrenalini na kotisoli, kemikali ambazo huuandaa kukabili jambo zito. Hisia zinazomjia ni za hofu: atafikiri anakufa, atasimama, huenda akalia.

Jambo ambalo wengi hatulitambui ni kwamba dalili hizo ndizo zile zile zinazompata mtoto karatasi ya mtihani inapogawiwa, au usiku anaposikia wazazi wakizozana chumba cha pili. Mwili hauna king'ora kimoja cha simba na kingine cha Hisabati. Mtoto asiyeizoea sauti ya king'ora hicho hudhani kila kinapolia kwamba maangamizi yamefika. Hivyo huanza kuiogopa hofu yenyewe, na mara nyingi hofu ya hofu ndiyo humlemaza mtu kuliko lile jambo lililomwogopesha hapo awali.

Mazoezi humfunza kuisoma upya sauti hiyo. Anakimbia, moyo unapiga mbio, anatembea dakika chache, moyo unatulia. Kesho kutwa hivyo hivyo. Baada ya majuma kadhaa moyo wake huwa na nguvu zaidi, kila pigo husukuma damu nyingi kuliko awali, na hutulia haraka baada ya kazi. Fauka ya hayo, amejifunza kwa mwili wake, wala si kwa kuhubiriwa, kwamba msukosuko huwa na mwisho. Watafiti wa maradhi ya wasiwasi wameona kwamba mazoezi ya kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli hupunguza woga wa dalili hizi za mwili, kwa kuwa mtu amekutana nazo mara nyingi mahali salama.

Hapa ndipo kipimo kinapoingia. Mwaka wa 1936, mtaalamu Hans Selye alichapisha maelezo yake kuhusu jinsi mwili unavyolikabili shinikizo. Kwanza hushtuka, kisha hujikaza na kulizoea, na shinikizo lisipokoma, huishiwa nguvu kabisa. Kocha mwema ni yule anayeishia katika hatua ya pili. Misuli nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Mazoezi hayaijengi, mazoezi huichosha na kuichanachana kwa kiwango kidogo mno, na ni katika chakula na usingizi ambapo hurekebishwa ikawa imara kuliko ilivyokuwa. Wataalamu hupendekeza mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 13 alale kwa muda wa saa 9 hadi 11. Kwa hivyo, shule inayowaamsha watoto kabla ya alfajiri kwa masomo ya ziada, kisha ikawakimbiza asubuhi kwa kisingizio cha kuwaimarisha, inabomoa kwa mkono mmoja kile inachodai kujenga kwa mwingine.

Kwa msichana wetu, kipimo chaweza kuwa rahisi. Juma la kwanza akimbie nusu ya mzunguko na kuutembea uliobaki. Juma la tatu akimbie mzunguko mzima, apumzike, aurudie. Kufikia mwisho wa muhula mizunguko miwili haimtishi tena, na anajua fika kwamba haikumtisha tena kwa sababu ya kazi yake mwenyewe. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka wa 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na mambo aliyowahi kuyatenda akafaulu. Sifa tupu hazifui dafu mbele ya hilo. Unaweza kumwambia mtoto kila siku kwamba yeye ni shujaa. Asiyewahi kushinda kitu kigumu atakusikiliza kwa adabu na asikuamini.

Mafunzo ya kushindwa

Mchezo una jambo jingine ambalo darasa letu halina. Mtoto akifeli mtihani wa kitaifa, mlango hufungwa, na aghalabu jina lake hubaki katika vinywa vya majirani. Timu yake ikifungwa mabao matatu Jumamosi hii, kuna Jumamosi ijayo. Uwanjani kushindwa ni kudogo, hutokea mara kwa mara na huwa na tarehe ya marudio. Mtoto hujizoeza kushindwa kama anavyojizoeza kupiga mkwaju.

Mwanariadha Eliud Kipchoge ni mfano unaofahamika na wengi, ingawa nusu yake husahauliwa. Mwaka wa 2003, akiwa na umri wa miaka 18, aliwapiku Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris. Miaka tisa baadaye, mwaka wa 2012, alishindwa kufuzu kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za London. Mwaka uliofuata aligeukia mbio za marathoni, na yaliyofuata dunia nzima iliyaona: dhahabu ya Rio mwaka wa 2016, dhahabu ya michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na zile saa 1:59:40 za Vienna mwaka wa 2019. Kisha katika Olimpiki za Paris mwaka wa 2024 hakumaliza mbio. Walimu wanaomtaja gwarideni wasiviruke vipande vya London na Paris. Ndivyo vyenye mafunzo.

Kuna kisa kingine kinachopendwa gwarideni, nacho chahitaji uangalifu. Mwaka wa 1968 katika Olimpiki za Mexico City, Kipchoge Keino alikuwa akiugua maradhi ya vijiwe vya nyongo, madaktari wakamshauri asikimbie. Alikimbia, na akashinda dhahabu ya mita 1,500. Ni kisa cha fahari kwa taifa. Lakini Keino alikuwa mtu mzima wa miaka 28, bingwa aliyeufahamu mwili wake, na uamuzi ulikuwa wake. Kocha anayekitumia kisa hicho kumlazimisha mvulana wa miaka 12 mwenye kifundo kilichovimba arejee mchezoni hamfunzi ustahimilivu. Anamfunza kutousikiliza mwili wake, na huo ndio usugu tuliotangulia kuutaja.

Jijini Nairobi, pana mfano ambao umedumu muda wa kutosha kupimwa. Mwaka wa 1987, Bob Munro, raia wa Canada, alianzisha chama cha michezo cha vijana mtaani Mathare, kinachojulikana kama MYSA. Mtaa huo wa mabanda ulikuwa na watoto tele, majitaka kila mahali na mipira ya kushonwa kwa karatasi na kamba. Ligi iliyoundwa ilikuwa na kanuni isiyo ya kawaida. Timu iliyoshinda mechi ilipata alama tatu kama kwingineko duniani, lakini timu iliyosafisha sehemu yake ya mtaa, ikazibua mitaro na kuzoa taka, ilipata alama sita katika jedwali lilo hilo.

Kanuni hiyo ina hekima kubwa. Humwambia mtoto wa Mathare kwamba mazingira yake si laana anayopaswa kuivumilia tu. Ni kitu anachoweza kukigusa na kukibadilisha kwa mikono yake, na kazi hiyo inahesabiwa. Vijana wenyewe walipewa jukumu la kuwa waamuzi, makocha na wasimamizi wa ligi, na waliojitolea zaidi walipata ufadhili wa karo. Klabu ya Mathare United iliyozaliwa humo mwaka wa 1994 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Kombe hilo lilileta furaha, lakini si kipimo cha faida yenyewe. Maelfu ya watoto waliopita katika ligi ile hawakuwa wanasoka wa kulipwa na hawakutarajiwa kuwa. Walipata kocha aliyeyajua majina yao na ratiba ya kila wiki katika mtaa ambamo mambo machache sana yana ratiba.

Mbali na Nairobi, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kaunti ya Turkana, hali ni ngumu zaidi, kwani wengi wa watoto wa huko wamekimbia vita. Rose Nathike Lokonyen alitoka Sudan Kusini akiwa mtoto. Akiwa shuleni Kakuma, mwalimu alimshawishi ashiriki mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi, na akamaliza wa pili. Baadaye alichaguliwa katika kundi la wakimbizi lililofunzwa na wakfu wa Tegla Loroupe, yule binti wa Pokot Magharibi aliyekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda marathoni ya New York mwaka wa 1994. Katika Olimpiki za Rio mwaka wa 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo ilikuwa na wanamichezo 10, watano wao wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka Kakuma, na Lokonyen ndiye aliyeibeba bendera.

Mbio hazikuwarudishia watu hao makwao. Hakuna mazoezi yanayofuta vita. Zilichowapa ni kesho ya kuipangia: mahali pa kwenda asubuhi, na mtu wa kuuliza waliko wasipofika. Kwa mtoto ambaye kila kitu alichokijua kiliporomoka, hicho si kitu kidogo.

Pale yanapogeuka sumu

Turejee kwenye kuruka kichura. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kuadhibiwa kwa namna ya kikatili au ya kumdhalilisha, kimwili au kisaikolojia. Wapo walimu walioona njia ya mkato: fimbo imekatazwa, lakini mazoezi ni afya, nani atayapinga?

Pana sababu mbili za kuyapinga. Ya kwanza ni ya kitabibu. Mtoto asiyezoea akilazimishwa kuchuchumaa na kuruka mara mamia, misuli ya mapaja yaweza kuharibika kiasi cha kumwaga protini zake kwenye damu. Mkojo hugeuka rangi ya chai isiyo na maziwa, na figo zaweza kudhurika. Mzazi akiona dalili hiyo mtoto akiwa na maumivu makali ya misuli, amkimbize hospitalini siku iyo hiyo.

Sababu ya pili ni ya kudumu zaidi. Adhabu hukosa yale yote yanayojenga. Haina kipimo, kwa kuwa lengo lake ni kumchosha mtu kupita kiasi. Haina kupanda ngazi, kwa sababu hakuna anayetaka mtoto aimudu. Na yule mtu mzima aliyesimama pembeni ni tisho, si egemeo. Baada ya miaka kadhaa ya hali hiyo, tunazalisha watu wazima wasiotaka kamwe kusikia neno mazoezi, kisha tunashangaa shinikizo la damu na kisukari vinapowavamia wakiwa na miaka 40. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Ripoti ya watafiti wake iliyotolewa mwaka wa 2019, kutokana na takwimu za nchi 146, ilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakifikii kiwango hicho. Wavulana walikuwa asilimia 78, wasichana 85.

Pengo hilo la wasichana halitokani na uvivu. Msichana akivunja ungo, sare ya michezo humtia haya, kazi za nyumbani humsubiri, na asipokuwa na sodo hubaki darasani. Mwaka wa 2017 sheria ya elimu ilifanyiwa marekebisho ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Hilo, kwa maoni yangu, ni suala la michezo sawa na lilivyo suala la masomo.

Isitoshe, tusiwauzie wasichana ndoto kwamba mwili imara ni ngao ya kila balaa. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka wa 2015 na mshindi wa medali ya shaba ya mita 10,000 mara mbili. Oktoba 2021 aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25. Hapana mazoezi ambayo yangemtosha. Wanariadha wenzake waliounda kundi la Tirop's Angels baada ya kifo chake walitambua kwamba mkimbiaji chipukizi anahitaji pia mtu wa kumwambia siri zake, ujuzi wa kulinda fedha zake, na ujasiri wa kumkataa mwanamume, awe kocha au mpenzi, anayejifanya mmiliki wake. Mzazi anayempeleka binti kambini aulize nani analala wapi, na kama kuna mwanamke miongoni mwa wasimamizi.

Viwanja navyo

Yote haya yanahitaji mahali. Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umetenga mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika Sekondari Pevu. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mkondo hauchezewi hewani, na shule nyingi za mijini zimebanwa hadi watoto hucheza kwa zamu kwenye kijia kati ya madarasa. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road jijini Nairobi waliandamana kupinga kunyakuliwa kwa uwanja wao, polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha za watoto waliovaa sare wakikohoa katika moshi huo zilienea ulimwenguni. Ukuta uliozingira uwanja ule ulianguka na serikali ikaamuru ardhi irejeshwe kwa shule. Si kila uwanja ulionyakuliwa umepata bahati hiyo.

Pasipo na uwanja, mzazi asikate tamaa. Michezo ya utotoni mwetu ilihitaji nafasi ndogo: kuruka kamba, kati, brikicho kwa watoto wa Nairobi na kibe kwa wale wa Pwani. Yote ina kipimo ndani yake, kwa sababu watoto wenyewe hupandisha kamba polepole, kutoka kifundoni hadi gotini hadi kiunoni, na anayeshindwa husubiri zamu yake irudi. Wakiachiwa, watoto ni makocha wazuri kuliko tunavyodhani.

Mtoto akirejea kutoka mchezoni, swali la kwanza la wazazi wengi huwa, "Mmeshinda?" Lina madhara yake, kwa sababu humfunza kwamba kisichokuwa ushindi hakina habari. Ni heri aulizwe lililokuwa gumu leo, na alilifanyaje. Majibu ya mwanzo yatakuwa mafupi. Mzazi avumilie, ya mwezi wa pili huwa marefu.

Ipo tahadhari ya mwisho, hasa kwa walio na watoto wenye pumu au selimundu, ugonjwa unaopatikana zaidi Pwani na maeneo ya Magharibi na Nyanza. Wengi huwazuia watoto hao kabisa wasicheze, na kuwakalisha chini ya mwembe wakiwatazama wenzao miaka nenda miaka rudi. Mara nyingi si lazima. Mtoto mwenye pumu aliye na dawa yake ya kuvuta karibu, akapasha mwili joto polepole kabla ya kukimbia, huweza kushiriki michezo mingi. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha, mapumziko ya mara kwa mara bila kuyaombea ruhusa, na kukingwa dhidi ya baridi na jua kali. Daktari wake ndiye wa kuamua mipaka. Baada ya hapo, mwalimu wa michezo apewe barua fupi kila mwanzo wa muhula, ikieleza hali ya mtoto, dawa anazotumia, dalili za hatari na nambari ya simu ya mzazi, na nakala yake ibaki kwa mwalimu wa darasa.